Dakika ya Taa Mbili

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe, sawa. Lakini ziko kazi ambazo kuchagua ndiko kazi yenyewe, na mtu akikosea hapo hakuna jasho litakalomwokoa baadaye. Kazi mojawapo ni ya yule fundi aliyeitwa na tajiri wa sinema, zama zile sinema zilipokuwa changa, akaambiwa: ukumbi upo, viti vimefika, filamu ziko njiani, sasa tuletee umeme. Fundi huyo jina lake halikuandikwa kwenye bango wala kwenye ukuta wa jengo. Watazamaji walijua majina ya waigizaji, wakajua na nyimbo zao kwa moyo, ila aliyefanya picha ionekane hawakumjua, na wala hawakuwa na sababu ya kumjua. Kumbe huko kutojulikana ndiko kulikuwa kipimo cha ustadi wake, maana ukumbini fundi wa umeme hutajwa siku umeme unapocheza.

Naandika haya nikiwa Pongwe, na Pongwe ni mahali pazuri pa kuyatafakari. Tuko kando ya barabara itokayo Tanga kwenda Muheza na Segera, kilomita kumi na kitu kutoka mjini. Wajerumani walipoanza kujenga reli ya Usambara kutoka bandari ya Tanga mwaka 1893, reli hiyo ilifika hapa mwaka 1894, kisha ikaingia Muheza mwaka 1896. Ukitazama mashariki, uko mji wa Tanga uliokuwa na sinema zake, Majestic, Novelty na Regal. Ukitazama magharibi, yako mashamba ya mkonge, na nyuma yake milima ya Usambara, ambako mwaka 1935, kwenye kijiji cha Vugiri juu ya Korogwe, wazungu wachache waliweka kituo cha kutengeneza filamu za kuonyeshwa vijijini kwa kutumia lori. Huku mjini mtambo wa umeme ulitakiwa ukae mahali pamoja miaka na miaka bila kutikisika. Kule milimani ulitakiwa upande lori, ushuke, uwake, uzimwe, upande tena. Pongwe imekaa katikati ya kazi hizo mbili.

Tuanze na sababu ya kuhitaji umeme, kwa kuwa sinema haikuzaliwa nao moja kwa moja. Ndugu Lumière walionyesha picha zao kwa watu waliolipa kiingilio jijini Paris tarehe 28 Desemba 1895. Miaka ile waonyeshaji wengi walizunguka na taa za gesi, za chokaa iliyochomwa mpaka ikang'aa, au za mvuke wa etha. Tarehe 4 Mei 1897, katika gulio la hisani lililoitwa Bazar de la Charité, Paris hiyohiyo, taa ya etha ya mashine ya sinema ilizua moto ulioua watu wapatao 126. Tangu hapo kila mwenye ukumbi alijua kwamba taa aliyonayo ni jambo la uhai na kifo. Umeme ulikuwa na hatari zake, lakini ulifungika ndani ya waya na swichi, na ulikubali kuzimwa mara moja.

Taa yenyewe ilikuwa hivi. Ndani ya sanduku la chuma mlikuwa na vijiti viwili vya kaboni, ncha ikitazama ncha. Opereta alifunga swichi, akavigusisha, kisha akavitenganisha pengo dogo lisilofika upana wa kidole. Umeme uliokwisha kupata njia ulikataa kukatika. Uliruka pengo, na hewa ya katikati ikawaka. Ncha ya kijiti cha chanya ilichimbika kishimo kidogo, na humo ndimo mlimotoka sehemu kubwa ya mwanga, kwenye joto linalozidi nyuzi 3,500 za Selsiasi. Kijiti hicho kililiwa upesi kuliko mwenzake wa hasi, ndiyo maana mara nyingi kilitengenezwa kinene zaidi. Opereta alichungulia kupitia kioo cheusi, mkono wake kwenye kirungu cha kusogezea. Vijiti vikiachana sana, mwali hukatika. Vikikaribiana sana, taa huanza kuzomea na picha kuwa ya kijivu. Kwa dakika 20 au zaidi za kila rili, mtu huyo alikuwa akilisha mwali kidogo kidogo, na fundi wa umeme alikuwa amekwisha kuamua, miezi mingi nyuma, kama kazi ile itakuwa nyepesi au ya mateso.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa aina ya umeme. Umeme wa AC hubadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, kwa hiyo hakuna ncha inayopata nafasi ya kutulia. Mwanga hugawanyika vishimo viwili, hupungua, taa huvuma, na kule kubadilika hugongana na mzunguko wa kifuniko cha projekta hata picha ikapepesa. Umeme wa DC huelekea upande mmoja tu. Kishimo huwa kimoja na mwanga hutulia. Kwa hiyo fundi mwenye kujua alitafuta DC hata kama mji mzima ulikuwa na AC. Aliipata kutoka dainamo iliyozungushwa na injini, au kutoka mota ya AC iliyofungwa pamoja na dainamo ya DC kwenye ekseli moja, au baadaye kutoka kwenye rektifaya ya zebaki, lile balbu kubwa la kioo ambalo ndani yake zebaki iliwaka rangi ya samawati na zambarau.

Uamuzi wa pili ulihitaji kuijua tabia ya mwali. Mwali hauna adabu ya balbu ya kawaida. Kadiri ampea zinavyozidi ndivyo unavyoridhika na volti chache, kwa hiyo ukiachwa peke yake utavuta na kuvuta mpaka fyuzi iungue. Lazima uwekewe lijamu, yaani rezista nzito ya waya au chuma, inayoubana. Lakini lijamu hiyo hula umeme na kutoa joto tupu. Chukua taa inayotaka volti 55 na ampea 50. Ukiilisha kutoka kwenye umeme wa volti 110, volti nyingine 55 zitaishia kwenye rezista, na nusu nzima ya kile unacholipia itakuwa imepasha hewa moto. Ukichagua dainamo ya volti 80, rezista itabaki na 25 tu. Taa ni ileile, mwanga ni uleule, na mafuta yamepungua zaidi ya robo. Tajiri aliyenunua dainamo ya volti 110 kwa kuwa ilikuwa bei rahisi aliilipa tofauti hiyo kila usiku, miaka yote ya uhai wa ukumbi wake.

Ndipo inapofika hesabu ambayo kwangu mimi ndiyo kiini cha ufundi huu. Taa moja ya ampea 50 kwa volti 80 inadai wati 4,000, yaani kilowati 4. Mtu asiye fundi angesema: basi tununue mtambo wa kilowati 5 tutosheke. Lakini ukumbi kamili ulikuwa na projekta mbili. Rili ya futi 2,000, kwa mwendo wa filamu ya sauti wa futi 90 kwa dakika, huisha baada ya dakika 22 hivi, na kabla haijaisha ile ya pili lazima iwe tayari. Opereta huwasha taa ya pili mapema kiasi cha dakika moja ili kishimo kichimbike na mwanga ukomae. Dakika hiyo taa zote mbili zinawaka. Kilowati 4 zimekuwa 8.

Na hata hizo 8 si mwisho. Vijiti vya taa ya pili vinapogusana, kwa kitambo kifupi hakuna mwali wa kuzuia chochote. Kilichobaki ni lijamu peke yake. Rezista inayokula volti 25 kwa ampea 50 ina omu nusu. Volti 80 ikigawanywa kwa nusu inatoa ampea 160. Zijumlishe na 50 za taa ya kwanza, inayoendelea kuonyesha picha mbele ya mamia ya watu, na dainamo imedaiwa ampea 210 ghafla. Ikiwa ndogo, volti zitaanguka, taa ya kwanza itafifia, na picha itaingia giza, labda wakati ambapo shujaa ananyoosha mkono kumwokoa mama yake. Ukumbi mzima utapiga miluzi.

Filamu ya Kihindi ya saa tatu ilikuwa na mabadilishano kama manane ya namna hiyo. Dakika 8 kati ya 180. Naweza kumsikia tajiri: kwa nini ninunue mtambo wa ukubwa mara mbili kwa ajili ya dakika nane? Jawabu la fundi ni kwamba watu hawakulipa kiingilio waone wastani. Mpishi wa harusi hapimi mchele kwa idadi ya wageni walioketi saa nne asubuhi. Mtambo hupimwa kwa dakika yake ngumu kuliko zote, na mtu asiyeijua dakika hiyo iko wapi hajaijua kazi. Uwezo wa kuitafuta na kuitaja kwa tarakimu kabla ya kununua hata msumari ndio unaomtenga fundi na mfunga waya.

Tuendelee na hesabu yake. Kilowati 8 za taa, na tuseme 1 ya mota za projekta, kikuza sauti na taa za milangoni: jumla 9. Dainamo haigeuzi nguvu yote iliyopewa kuwa umeme. Tukisema inatoa asilimia 85, injini lazima itoe kilowati 10.6, yaani nguvu za farasi 14 na ushei. Hapo fundi hakuagiza injini ya farasi 14. Aliagiza ya 18 au 20, ili ibaki na pumzi. Wala hakuagiza ya 40 kwa kujionyesha, kwa kuwa injini ya dizeli inayoendeshwa usiku kucha kwa mzigo mdogo hujaa masizi, hunywa mafuta bure na kuchafua bomba la moshi. Ukubwa uliozidi nao ni ujinga, ila ni ujinga unaopendeza macho.

Kisha akatazama mwendo. Injini ya polepole yenye magurudumu mazito pembeni ina akiba ya msukumo: mzigo ukipiga ghafla, gurudumu linaubeba kwa nafasi hiyo fupi mpaka gavana iongeze mafuta. Injini nyepesi ya mwendo kasi haina akiba hiyo; ikipigwa na mzigo hukohoa, kisha hukurupuka. Wengi wetu tunaijua sauti ya Lister ya aina ya CS, iliyoanza kutengenezwa Dursley, Uingereza, mwaka 1929, inayozunguka mara 600 hivi kwa dakika, kwa kuwa aina hiyo imesaga mahindi ya vijiji vingi vya nchi hii. Tup, tup, tup: huo mwendo wa kizee ndio uliotafutwa na watu waliotaka umeme usiocheza. Kasi ya injini ikitulia, volti hutulia. Volti zikitulia, uso wa mwigizaji haupepesi.

Baada ya kuchagua, kusimika. Hapa mtu wa Pongwe hahitaji kufundishwa sana, kwa maana mahali hapa pameishi kwa mawe. Chini yetu ni mawe ya chokaa, na kiwanda cha saruji cha Tanga, chenye alama ya Simba, kimekaa hapa tangu mwaka 1980 kwa sababu ya mawe hayo. Msingi wa injini ulichimbwa mpaka kwenye ardhi ngumu, ukamiminwa zege zito kuliko injini yenyewe mara kadhaa, boliti zikazamishwa humo zikiwa zimeshikwa na mbao za kipimo. Fundi hakuruhusu zege la injini liguse msingi wa ukuta wa jengo. Aliacha mfereji pande zote, akaujaza mchanga, ili mtikisiko uishie mle.

Kwa nini uangalifu wote huo? Tazama kipimo. Fremu moja ya filamu ya milimita 35 ina upana wa milimita 22 hivi. Pazia likiwa na upana wa mita 6.6, picha imekuzwa mara 300. Mtikisiko ukiisogeza filamu mbele ya lenzi kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita, kiasi ambacho jicho halioni na kidole hakihisi, picha paziani itaruka sentimita 3. Usiku mzima. Watazamaji watatoka wakisema macho yanauma na filamu ilikuwa mbovu. Hakuna atakayesema msingi wa injini uliungana na ukuta.

Pwani ina masharti yake ya ziada. Upepo wa bahari unabeba chumvi, na chumvi hula shaba. Mahali pa kuunganishia nyaya hupata ukungu wa kijani, halafu hupata joto, halafu hupata moto. Mpira wa kuhami nyaya za zamani ulikauka na kupasuka kwa joto. Mchwa walikula mbao za kufunikia nyaya na kuacha rangi imesimama peke yake. Kwa hiyo fundi wa huku alipitisha nyaya ndani ya mabomba ya chuma, akakaza viungo akavipaka grisi, akaweka swichi kubwa juu ya ubao wa jiwe la sleti au marumaru, na kuzika nondo ya ethi mahali penye unyevu. Rezista zenye joto aliziweka nje ya chumba cha projekta, kwa kuwa filamu za zamani zilikuwa za nitreti, kitu kinachowaka kama baruti na kisichozimika hata kikifunikwa, maana kina oksijeni yake ndani. Uingereza ilitunga sheria ya kumbi za sinema mwaka 1909 kwa hofu hiyo, na chumba cha projekta kikawa sanduku lisiloshika moto. Filamu za usalama zilipokuja kushika soko, karibu na mwaka 1950, opereta wengi walianza kulala vizuri.

Kulikuwa pia na kazi ndogo ya kila asubuhi ambayo naipenda kuliko zote. Dainamo ina kamutata, ile silinda ya vipande vya shaba inayosuguliwa na burashi za kaboni. Fundi aliitazama rangi yake. Ikiwa ya chokoleti na inang'aa, ni nzima. Ikiwa na michirizi myeusi, burashi hazikai sawa au chemchemi zimelegea. Aliisafisha kwa msasa wa mchanga, na hakuthubutu kutumia msasa mweusi wa chuma, kwa sababu punje zake hupitisha umeme na zikinasa kati ya vipande vya shaba huzua cheche. Kisha akaweka mgongo wa kiganja juu ya beringi. Hakuandika popote. Mgongo wa kiganja ulikuwa na kumbukumbu ya joto la jana.

Siku zilibadilika. Dar es Salaam ilikuwa na umeme wa umma tangu mwaka 1908 chini ya Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji. Zanzibar, ambako jumba la Beit al-Ajaib la Sultani Barghash lilitangulia majengo yote ya kisiwa kuwa na umeme, ilipata jumba la sinema la Royal mwaka 1921. Kwa upande wetu wa Tanga, kampuni ya TANESCO iliundwa mwaka 1931, na mtambo wake wa maji kwenye maporomoko ya Pangani ulikusudiwa hasa kuendesha viwanda vya mkonge, zao lililokuwa likiibeba nchi. Baadaye mto huohuo uliongezewa Hale mwaka 1964, megawati 21, na Pangani mpya mwaka 1995, megawati 68. Mji ulipopata umeme wa waya, fundi wa sinema hakukosa kazi. Umeme uliokuja ulikuwa wa AC, na taa bado zilitaka DC. Hata taa za xenoni, zilizoanza kuvipokonya nafasi vijiti vya kaboni miaka ya 1950, zilitaka DC vilevile. Rektifaya ilibidi ichaguliwe, na swali likabaki lilelile: dakika ya taa mbili, itaibeba?

Sasa tugeukie magharibi. Leslie Notcutt alikuwa meneja wa mashamba ya mkonge Afrika Mashariki, na tangu mwaka 1926 alifikiria kwamba sinema ya shambani ingewafanya vibarua waridhike na kubaki kazini. Wazo hilo, pamoja na fedha za taasisi ya Carnegie ya Marekani na msaada wa wamisionari, lilizaa mradi wa Vugiri ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, kuanzia mwaka 1935 hadi 1937. Walitengeneza filamu 35 hivi: za kodi, za benki ya posta, za safura, za kilimo. Mengi yanaweza kusemwa juu ya nia ya filamu hizo, na wasomi wameyasema. Waliozitengeneza walidhani mtazamaji Mwafrika hawezi kufuata picha inayokwenda kasi, ilhali wakati huohuo kumbi za mjini zilijaa watu wa kila rangi wakifuata filamu za Bombay na Hollywood bila tabu. Ila mimi hapa nalitazama lori. Safari ya kwanza ilipita Tanganyika, Nyasaland, Rodesia ya Kaskazini, Kenya na Uganda, maili zipatazo 9,000, na watu wapatao 80,000 waliona picha hizo. Filamu zilikuwa za milimita 16, na maelezo yalisikika kutoka kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali. Huko porini hapakuwa na waya wa kampuni yoyote. Kila nukta ya mwanga iliyoonekana ilibebwa.

Ufundi wa lori una dakika ngumu ya namna nyingine, nayo iko kwenye urefu wa waya. Jenereta lazima ikae mbali, la sivyo kelele yake itaizima santuri. Lakini kila hatua ya waya inakula volti. Chukua balbu ya projekta ya wati 750 kwa volti 110, inayovuta ampea karibu 7. Iweke mita 50 kutoka kwenye jenereta, kwa waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, kwenda na kurudi ni mita 100, na volti kama 5 zimepotelea njiani. Mtu atasema 5 kati ya 110 si kitu. Balbu haikubaliani naye: mwanga wake huanguka upesi kuliko volti, na upungufu wa asilimia 5 ya volti hula mwanga kama asilimia 16. Mzee aliyekaa nyuma kabisa haoni sura. Fundi wa lori alichagua ama waya mnene, ambao ni mzigo na gharama, ama jenereta iliyowekwa volti chache juu ya 110, ama kuisogeza karibu na kuifichia kelele nyuma ya kichuguu au ukuta wa shule.

Akapima na mlima pia. Injini isiyo na kisukuma hewa hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Jenereta iliyojaribiwa pale bandarini Tanga ikaonekana imara, ikifika kwenye vijiji vya juu vya Usambara itakuwa imepungua bila kuharibika hata skrubu moja. Asiyelijua hilo atafungua kabureta, atabadilisha plagi, ataitukana mashine. Anayelijua aliacha akiba tangu dukani.

Leo sinema hizo za Tanga hazina tena foleni zilizokuwa nazo; televisheni na kanda za video ziliwarudisha watazamaji nyumbani. Vijiti vya kaboni ni vitu vya makumbusho. Lakini nenda kibanda umiza chochote cha kutazamia mpira siku ya fainali, wakati umeme wa gridi umekatika, uone vijana wakihangaika na jenereta ndogo ya petroli iliyobandikwa tarakimu kubwa kuliko uwezo wake. Televisheni inawaka vizuri, feni zinazunguka, mwenye kibanda anatabasamu. Halafu friji ya soda inaamka. Mota ya friji inapoanza huvuta umeme mara tano hata saba ya ule wa kawaida, kwa kitambo kifupi tu, na kitambo hicho kinatosha: jenereta inakohoa, skrini inakuwa nyeusi, na penalti inapigwa gizani. Hakuna aliyepima. Waliuliza jenereta ina bei gani.

Ni vilevile kwa sola na invata zinazofungwa kwenye maduka, zahanati na misikiti yetu. Mteja anauliza bei ya paneli, fundi wa haraka anajumlisha wati za taa, anaandika risiti, anaondoka. Ni nani aliyeuliza ni saa ngapi pampu ya maji na friji ya chanjo vitawaka pamoja? Mafundi wa kuuliza hivyo wapo. Vyuo vya ufundi vya VETA vinawafundisha, mamlaka ya nishati EWURA inawapa leseni, na wapo wengine waliojifunza kwa kukaa miaka chini ya fundi mkongwe. Tatizo ni kwamba hatuwalipi kwa kazi yao iliyo kubwa. Tunamlipa fundi kwa kuchimba ukuta na kuvuta waya, kwa sababu hayo tunayaona. Saa mbili anazokaa na kalamu akihesabu, tunaziita kuchelewesha kazi.

Kwa hiyo, msomaji, siku utakapomwita fundi wa umeme, iwe ni kwa kibanda, mashine ya kusaga au nyumba ya vyumba viwili, usianze na bei. Mwulize: katika saa zote 24, dakika yangu ngumu ni ipi, na itadai kiasi gani? Akikujibu kwa tarakimu, mpe kazi na umlipe hesabu yake kabla ya nyaya zake. Akikujibu kwamba itatosha tu, tafuta mwingine.